Mashine ya kukaushia nguo ikigoma kuanza: fuata njia ya umeme mpaka uikute kasoro

Ndani ya mashine ya kukaushia nguo hamna mambo mengi. Kuna mota inayozungusha dramu kwa mkanda, feni inayovuta hewa, hita ya kuipasha hewa hiyo moto, na mlolongo wa swichi zilizokaa njiani kati ya ukuta na mota. Ili mota ianze, umeme sharti upite kwenye kila swichi ya mlolongo huo. Moja ikikatika, mashine nzima inagoma hata kama vingine vyote ni vizima.

Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Mashine ikinyamaza, wazo la kwanza huwa kwamba mota imekufa au bodi ya kielektroniki imeungua, na vyote viwili ni ghali. Kumbe mara nyingi kilichokufa ni swichi ya mlango au fyuzi ndogo inayoenea kiganjani. Usinunue kipuri chochote kabla ya kipimo kukuonyesha kwamba kile cha zamani hakipitishi umeme. Mwongozo huu unaanzia kwenye vya bure na vyepesi, kisha unaingia ndani taratibu.

Jambo moja la kutenganisha mapema: kama dramu inazunguka lakini nguo hazikauki, tatizo lako ni la joto au la hewa, na karibu kila kilichoandikwa hapa hakikuhusu. Hapa tunashughulika na mashine isiyoanza kabisa.

Hatua ya 1: Isikilize kabla ya kuigusa

Bonyeza kitufe cha kuwashia, utulie. Namna mashine inavyokataa itakuonyesha pa kuanzia.

Ikiwa hakuna taa wala sauti, umeme haufiki, au umekatika karibu kabisa na mahali unapoingilia. Nenda hatua ya 3.

Ikiwa taa zinawaka lakini ukibonyeza hakuna kinachotokea, washukiwa wako ni swichi ya mlango, fyuzi ya joto, swichi ya mkanda au kitufe chenyewe. Ukisikia mlio mdogo wa "tak" kisha kimya, rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, imejaribu kupeleka umeme lakini haukufika kwenye mota, au umefika na mota haikuitika.

Ikiwa mota inanguruma bila kuzunguka, achia kitufe mara moja. Mota iliyoshikwa huku umeme unaingia hupata joto haraka na koili zake zinaweza kuungua. Mngurumo una faida moja: unakuambia kwamba swichi zote za njiani ni nzima na umeme umefika mwisho wa safari. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mota.

Na ikiwa breka inaruka kila unapowasha, usiendelee kuirudisha. Kuna waya unaogusa mahali usipopaswa kugusa, au mota imepiga shoti.

Hatua ya 2: Vitu vinavyofanana na ubovu

Mashine za kisasa zina kufuli ya watoto. Ikiwa imewekwa, vitufe vyote vinakuwa kama vimekufa huku taa zinawaka. Tafuta alama ya kufuli au ya uso wa mtoto kwenye paneli, kisha bonyeza kitufe chake na kukishikilia kwa sekunde kadhaa. Angalia pia kama kuna muda wa kuchelewesha kuanza uliowekwa. Mashine inayohesabu saa inaonekana kama imegoma.

Kama mashine yako ni ile inayokusanya maji kwenye tangi badala ya kutoa hewa nje, toa tangi, limwage, ulirudishe mpaka likae sawasawa. Ndani kuna boya linaloinuka maji yakijaa na kuizuia mashine. Wakati mwingine tangi liko tupu lakini boya limekwama kwa vumbi la nyuzi, na mashine inaendelea kuamini kwamba imejaa.

Mashine yenye taima ya kuzungusha kwa mkono ina tabia yake: kishale kikiwa kimesimama mahali pa kuzimia, au katikati ya programu mbili, haitaanza. Kisogeze hadi ndani ya programu ya dakika, kisha jaribu.

Mwisho, ikiwa ni ya kielektroniki, chomoa plagi, subiri dakika tano, rudisha. Bodi hujichanganya baada ya umeme kukatika na kurudi. Ikiwa skrini inaonyesha herufi na namba za hitilafu, ziandike kabla ya kuchomoa, maana zinaweza kupotea.

Hatua ya 3: Je, umeme unafika?

Chomoa mashine kwenye soketi, chomeka hapo pasi au birika la umeme. Usitumie chaja ya simu. Chaja inakula umeme kidogo mno. Soketi yenye waya uliolegea inaweza kuiwasha vizuri na bado ikashindwa kabisa kubeba mzigo wa mashine. Pasi ikipata moto kama kawaida, soketi iko salama.

Ondoa ekstensheni na adapta zote. Mashine ya kukaushia nguo inastahili soketi yake ya ukutani. Tazama plagi: pini zilizogeuka rangi ya kahawia au plastiki iliyoyeyuka ni dalili ya mguso uliolegea, na hapo plagi na soketi hubadilishwa zote mbili. Ukibadilisha moja, ile mbovu itaiunguza mpya. Kwa plagi za aina ya Uingereza, zenye pini tatu bapa, kuna fyuzi ya ampea 13 ndani. Itoe uipime, kioo au udongo wake hauonyeshi kila mara kwamba imeungua.

Kwenye kabati la breka, usitosheke kutazama kwa mbali. Breka iliyoruka inaweza kukaa katikati ikaonekana kama iko juu. Isukume hadi chini kabisa, kisha irudishe juu.

Mashine za umeme za Marekani na Kanada zina la ziada. Nyingi hutumia volti 240 zinazoletwa na laivu mbili, yaani nyaya mbili zinazoleta umeme, kupitia breka pacha ya ampea 30. Hita hutumia laivu zote mbili, lakini mota na vidhibiti hutumia laivu moja na nyutro (waya wa kurudishia umeme), yaani volti 120. Kwa hiyo nusu ya umeme inaweza kufika na nusu ikakosa. Laivu ya mota ikikatika, mashine inagoma kuanza. Ikikatika ile nyingine, dramu inazunguka bila joto. Nyuma ya mashine hizo, pale kebo inapoungwa, kuna kipande chenye skrubu tatu au nne. Skrubu ikilegea, mahali hapo huungua taratibu mpaka waya unakatika. Zima breka, fungua kifuniko kile kidogo, utazame. Ukiona weusi, umeshapata kasoro.

Kupima volti kwenye soketi yenye umeme ni kazi ya anayejua. Kama hujawahi kufanya hivyo, mwite fundi umeme kwa hatua hiyo. Zinazofuata zinafanyika mashine ikiwa haina umeme kabisa.

Hatua ya 4: Kabla ya kufungua

Chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu nyaya za ndani hubaki na umeme. Ikiwa mashine inatumia gesi, funga valvu ya gesi pia, na ukisikia harufu ya gesi acha kila kitu: usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua madirisha, toka nje, piga simu ukiwa huko.

Utahitaji bisibisi, spana au soketi ndogo, tochi, glovu na multimeta, yaani kipimo cha umeme. Glovu zina kazi kubwa hapa kwa sababu bati la ndani lina kingo zinazokata kama wembe. Multimeta ya bei ya chini inatosha kabisa. Iweke kwenye alama ya sauti au kwenye ohmu, gusanisha ncha zake mbili: inapaswa kulia au kusoma karibu na 0. Huo ndio usomaji wa njia nzima. Ncha zikiachana itaandika "OL" au 1 upande wa kushoto, na huo ndio usomaji wa njia iliyokatika.

Kila unapopima kipuri, chomoa angalau waya wake mmoja kwanza. Ukikipima kikiwa kimeungwa, umeme wa multimeta unaweza kuzungukia njia nyingine na kukudanganya kwamba ni kizima. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote. Na tafuta ndani ya mwili wa mashine, nyuma ya paneli ya vitufe au chini ya bati la mbele: watengenezaji wengi huficha humo karatasi ya fundi yenye mchoro wa nyaya na vipimo vya kila kipuri. Ukiipata, iamini kuliko mwongozo wowote wa jumla, ukiwemo huu.

Hatua ya 5: Swichi ya mlango

Hii hufa mara nyingi kwa sababu inafanya kazi kila mlango unapofunguliwa. Bila kufungua chochote, sukuma kwa kidole kile kidude ambacho mlango hukibonyeza unapofungwa. Kinapaswa kutoa mlio mkavu wa "tik". Kikiwa laini bila mlio, kimevunjika ndani. Angalia pia ulimi wa mlango wenyewe. Ukiwa umepinda au umevunjika, swichi nzima haibonyezwi vya kutosha.

Kuhakikisha, ifikie kwa ndani, chomoa nyaya zake, ipime. Ikibonyezwa isome karibu na 0, ikiachiwa isome kukatika. Kama ina vituo (ncha za kuungia nyaya) vitatu, kimoja ni cha taa ya ndani, kwa hiyo jaribu jozi zote. Swichi ikiwa nzima, fuata nyaya zake kwa vidole mpaka mwisho. Waya unaopinda kila siku karibu na bawaba hukatika ndani huku ganda lake likibaki zima.

Hatua ya 6: Fyuzi ya joto, na kwa nini iliungua

Fyuzi ya joto ni kipande kidogo cha plastiki nyeupe au cha bati, chenye nyaya mbili, kilichofungwa kwenye njia ya hewa ya moto, mara nyingi juu ya nyumba ya feni au nyuma ya mashine. Hewa ikipita kiwango cha joto kilichowekwa, inakatika na hairudi tena. Katika modeli nyingi kiwango hicho ni takriban nyuzi joto 91 za Selsiasi. Katika mashine nyingi fyuzi hii inakata umeme wa mota, ndiyo maana taa zinawaka na mashine haianzi. Katika nyingine inakata hita tu.

Ipime kama swichi: nyaya nje, ncha mbili za multimeta kwenye vituo vyake. Inapaswa kusoma karibu na 0. Ikisoma kukatika, imekufa na hakuna namna ya kuifufua.

Hapa naomba usikilize kwa makini, maana ndipo ukarabati mwingi unapoharibika. Fyuzi ya joto kwa kawaida haifi kwa uzee. Inaungua kwa sababu hewa ya moto ilikosa pa kutokea. Ukiweka mpya bila kusafisha njia ya hewa, itaungua tena, na ukiwa na bahati mbaya kitakachoungua hakitakuwa fyuzi. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 moto ulioanzia kwenye mashine hizi katika makazi ya nchi hiyo ulifikia matukio 2,900 kwa mwaka, na chanzo kikuu kilichotajwa kilikuwa kutosafisha. Vumbi la nyuzi za nguo linashika moto upesi sana.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga fyuzi mpya, safisha chujio. Lioshe kwa maji ya sabuni kama maji hayapiti kwenye wavu wake, kwa sababu mabaki ya dawa ya kulainisha nguo huziba matundu bila kuonekana, kisha liache likauke kabisa. Ng'oa bomba la kutolea hewa nyuma ya mashine, lisafishe urefu wake wote, uangalie kama halijapondwa na ukuta. Kagua kifuniko cha nje ya nyumba; kipepeo chake kinapaswa kufunguka kwa urahisi. Tazama feni yenyewe, soksi ndogo huweza kukwama humo. Bomba la plastiki au la karatasi laini ya alumini libadilishe kwa la bati gumu. Kwa mashine ya tangi la maji, safisha chujio zote na kile kipozeo chenye mapezi membamba, kwa brashi laini, bila kuyapinda.

Usiunganishe nyaya za fyuzi moja kwa moja ili "kujaribu kidogo". Mashine itaanza, ndiyo, na kuanzia dakika hiyo hakuna kinachoizuia kuwaka moto.

Hatua ya 7: Mkanda

Fungua mlango, zungusha dramu kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa upinzani kidogo, ukihisi kwamba kuna kitu inachokivuta. Ikizunguka kwa wepesi wa ajabu bila upinzani wowote, mkanda umekatika. Ikiwa ngumu au inakwaruza, kuna nguo au waya wa sidiria uliokwama kati ya dramu na mwili, au rola, magurudumu madogo yanayobeba dramu, zimekufa.

Mkanda uliokatika huizuia mashine kuanza pale tu penye swichi ya mkanda, kidude kinachobonyezwa na mkono wa puli ya kukazia pindi mkanda unapolegea. Bila swichi hiyo, ungesikia mota ikizunguka na dramu imesimama. Ukibadilisha mkanda, ikague puli ya kukazia. Zungusha gurudumu lake: likilia au kuyumba, libadilishe palepale, kwa kuwa ndilo lililoula mkanda wa kwanza.

Hatua ya 8: Kitufe cha kuwashia na taima

Kwa mashine yenye kitufe au kitasa cha kuzungusha, fungua paneli ya juu, chomoa nyaya za swichi, pima huku umebonyeza. Isome karibu na 0. Taima nayo hupimwa kwa kufuata mchoro wa karatasi ya fundi; bila mchoro utakuwa unabahatisha kati ya vituo visivyokuwa na uhusiano.

Hatua ya 9: Mota na kapasita

Mashine inayonguruma bila kuzunguka ina sababu tatu: kitu kimeishika, kapasita imechoka, au mota yenyewe ni mbovu. Anza na ya kwanza. Toa mkanda kwenye puli ya mota, zungusha shafti kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi, mota haijashikwa, na uzito unatoka kwenye dramu na rola zake. Ikiwa ngumu, tazama feni iliyofungwa mwisho wa shafti kabla ya kulaumu beringi.

Mashine nyingi za volti 230 zina kapasita ya kuanzishia mota, kopo la duara lenye nyaya mbili. Ikichoka, mota hunguruma tu. Kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo usiguse vituo vyake. Subiri dakika kadhaa, kisha kwa koleo lenye mpini wa plastiki gusisha rezista ya ohmu 20,000, wati 5, kwenye vituo viwili kwa sekunde chache. Hakikisha kwa multimeta kwenye volti za DC kwamba imebaki karibu na 0, ndipo uichomoe. Kama multimeta yako inapima mikrofaradi, linganisha na namba iliyochapwa ubavuni. Ikiwa chini sana ya kiwango hicho, au kopo limevimba, weka nyingine ya mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zile.

Koili za mota nzima kwa kawaida husoma ohmu chache. Usomaji wa kukatika, au usomaji wowote kati ya koili na mwili wa bati, ni hukumu ya kubadilisha mota. Lakini kuna kisa kimoja cha kuangalia: mota ikipata joto kupita kiasi, kinga yake ya ndani huikata, kisha hurudi ikipoa. Mashine inayogoma katikati ya kazi na kukubali baada ya nusu saa inaelezea hali hiyo. Safisha vumbi lililoizunguka kwanza, halafu uone kama bado inagoma.

Hatua ya 10: Bodi, mwisho kabisa

Bodi ya kielektroniki ilaumiwe pale tu kila swichi na mota zimepimwa na kuonekana nzima. Itazame kwa tochi: rilei iliyoungua, kapasita ndogo zilizovimba, doa jeusi, au kituo cha waya kilichooza kwa unyevu. Wakati mwingine kuchomoa viunganishi vyote na kuvirudisha kwa nguvu kunatosha. Bodi inayobadilishwa sharti ilingane na namba kamili ya modeli, ile iliyo kwenye lebo ya fremu ya mlango au nyuma, kwa sababu mashine mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na bodi tofauti.

Kwenye mashine za pampu ya joto, zile zenye kompresa, usiguse mabomba ya shaba. Baadhi yao yana gesi ya propani ndani. Hapo mwite fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Kuifunga na kuijaribu

Rudisha nyaya kwa kufuata picha zako, hasa waya wa ethi, ule wa kijani au kijani na njano unaofungwa kwenye bati. Funga mwili mzima kabla ya kuchomeka plagi. Usiiwashe ikiwa wazi. Iendeshe tupu kwa dakika kumi, kisha nenda nje uweke mkono kwenye mdomo wa bomba: hewa itoke kwa nguvu na ikiwa na joto. Ndipo uweke nguo chache, ukae karibu mpaka zikauke. Ikikaa siku chache ikagoma tena kwa namna ileile, usinunue fyuzi nyingine kabla hujaling'oa bomba lote na kuliangalia kwa tochi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.